Bata Halisi wa Pan Rundi

Nimeuza picha hapa Ubud miaka ishirini na sita, na hadi leo sijui mgeni akisema anataka "kazi halisi" huwa anataka nini hasa. Picha anaiona. Mchoraji kakaa mbele yake, rangi imejaa kwenye kucha. Lakini roho haimtulii mpaka apewe karatasi.

Mchoraji ninayemsema ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Serikali inamjua kama I Nengah Suweca. Jina hilo liko kwenye kitambulisho tu, hakuna aliyemwita nalo tangu mkewe alipojifungua. Mtoto akaitwa Rundi, basi baba akawa Pan Rundi, yaani Baba Rundi, kama mimi nilivyo Men Sriati, mama yake Sriati, na jina langu la usichana nimeshalisahau nusu. Picha zake akawa anazitia sahihi hivyo: Pan Rundi. Masoko, mashamba ya mpunga, vyura kila kona. Wino kwanza, tabaka juu ya tabaka, mwezi mzima kabla rangi haijagusa kitambaa.

Rundi akakua, akaoa. Mwaka wa kwanza kimya. Wa tano kimya. Mtaa wetu una midomo, na yangu ilikuwemo. Mwaka wa kumi na moja akazaliwa msichana, Gending. Asubuhi hiyo mzee aliingia dukani kwangu bila shati.

"Men Sriati, kuanzia leo mimi ni Kak Gending, babu yake Gending. Ukiniita lile la zamani siitiki."

Nikadhani utani. Siku moja nikamjaribu, nikapiga kelele kwamba Pan Rundi kahawa yake inapoa. Ikapoa.

Miaka sita iliyofuata alichora picha moja tu, kubwa kama mlango: soko zima alfajiri, watu mia mbili na zaidi, na huoni nyuso mbili zinazofanana. Macho yalishaanza ukungu, akaniambia hatachora nyingine. "Hii ikienda kwa mtu anayeijua thamani yake, mimi basi," alisema. Akaisaini Kak Gending, nami nikaipa ukuta wangu mzuri kuliko wote.

Kisha akaja Mama Hanneke kutoka Uholanzi, aliyeletwa na Rundi mwenyewe, maana Rundi anaendesha wageni. Kwao ana picha mbili za Pan Rundi, anatafuta ya tatu. Alisimama mbele ya lile soko hadi chai niliyompa ikaota utando.

"Huyu Kak Gending ni nani?"

"Ndiye Pan Rundi huyohuyo, mama. Kapata mjukuu tu."

Akanitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa jana. "Kila duka la mtaa huu limeniambia lina Pan Rundi."

Nikamwita mzee. Mama Hanneke akaomba kitambulisho, mzee akakitoa kwa fahari. Mama akakisoma mbele na nyuma.

"Kwa hiyo," akasema kwa upole wa daktari, "wewe si Pan Rundi, na wala si huyu Kak Gending."

"Muulize dereva wako, ni mwanawe!" nikasema.

"Dereva ndiye aliyenileta kwenye duka hili," akajibu, maana anajua madereva hulipwa na maduka wanakopeleka wageni. Lakini picha ilikuwa imemshika, macho hayakubanduka. "Haya. Aandike hapa chini: Pan Rundi. Nina picha ya sahihi yake, nitalinganisha. Zikifanana, naichukua leo."

Nilimwekea mzee brashi mkononi kabla hajapumua. "Andika, mzee wangu. Ni mistari miwili mitatu tu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote."

Rundi akacheka. "Baba, andika bwana. Jina lenyewe ni langu, nimekuruhusu."

Mzee akaweka brashi chini. "Miaka kumi na moja nilikaa na jina hilo nikiomba nilivue. Nikiliandika leo, Gending yuko wapi? Mtoto mwenyewe mvua ikinyesha tu ana homa, halafu nimwandike kwamba hajazaliwa?"

Rundi hakucheka tena. Mimi nilikasirika, sifichi. Nilikasirika karibu nilie. Picha ile ilistahili kuondoka.

"Nilijua hawezi," akasema Mama Hanneke, akachukua mkoba wake.

Alipofika langoni kwa mzee akasimama ghafla. Pale pana ubao wa zamani: *Pan Rundi. Mayai ya bata*. Na bata mwenyewe, wa kijani, miguu mitatu. Mama Hanneke akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mkono huru ulioje!"

"Huo ubao kauchora huyu dereva wako," mzee akamwambia, maana si mwongo. "Alikuwa na miaka tisa."

"Kweli mama, ni mimi," akasema Rundi. "Mguu wa tatu nilikosea."

Mama akacheka hadi akafuta machozi. Alikuwa amesoma mahali kwamba sisi ni watu wa masihara. Akaulipia ubao zaidi ya bei niliyokuwa nimetaja kwa ile picha ya soko. Ila alitaka karatasi, na shahidi aliyemfahamu Pan Rundi.

"Wewe ulimfahamu?" akamuuliza mzee.

"Sana. Nilikuwepo siku alipopata jina."

"Alikuwa mtu gani?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa na haraka, na wivu kwa wenye wajukuu. Mkono alikuwa nao."

"Bora kuliko huyu Kak Gending?"

"Hapana. Huyu kamzidi mbali."

Mama akamwonea huruma, ilionekana. Mzee akaandika kwamba ubao huu ulining'inia kwenye lango la Pan Rundi, hakuongeza neno. Kisha akachovya brashi na kutia sahihi ya shahidi taratibu, kila mkunjo mahali pake: Kak Gending. Alitabasamu akiitazama.

Mama Hanneke akapuliza wino ukauke. Akamwambia ana mwandiko mzuri, asikate tamaa.