Mfaransa wa Jikoni Kwetu

Uchumi niliusomea kwenye simu, nikitoka zamu ya kutunza wagonjwa, nimejilaza kitanda cha juu katika fleti yetu ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku ughaibuni. Katika masomo hayo ndimo nilimokutana na Mfaransa mmoja wa karne ya kumi na tisa. Ujanani alifungwa jela kwa maandishi yake. Akatoka, akawa mwanauchumi na mwanasiasa, na wimbo wake ukawa ule ule: mwacheni jirani alete bidhaa zake. Alikaa mezani na Waingereza, mahasimu wa tangu jadi, mpaka nchi mbili zikapunguziana ushuru. Wenye viwanda kwao hawakutaka hata kumsikia. Nilimpenda papo hapo, maana mimi pia ni mbishi.

Fleti yetu nayo ilikuwa na ushuru wake. Ijumaa, tukitoka kanisani, jiko lilikuwa la mama mmoja kutoka Murang'a, mkubwa wetu kwa umri, na ni chapati zake tu zilizoruhusiwa kuuzwa. Mganda niliyekaa naye chumba kimoja, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alitaka kuuza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Akakatazwa. Akaanza kutafuta kitanda cha kupanga Lusail, mji wa jirani. Nibaki pale bila yeye? Roho iliniuma kweli.

Nikaitisha kikao sebuleni. "Mnakumbuka mayai ya Uganda yakizuiwa mpakani? Nani aliumia, si sisi wa kununua?" Kisha nikawasimulia maisha ya Mfaransa, kuanzia jela hadi mkataba.

Mama akanikatiza. "Na huyo mzungu wako, aliwahi pika chapo?"

"Hapana, mami. Lakini alijua mpishi akikosa mwenzake, chapo huanza kukauka."

Wakaangua kicheko. Hapo nikajua nimeshinda, kwa sababu zile chapati sote tulikuwa tukizitafuna kwa ujasiri. Mikono ikainuka, wa Mama ukiwa wa mwisho.

Ijumaa iliyofuata chapati za Mama zilitoka laini, zenye tabaka, sijapata kuona. Foleni ya rolex nayo ilifika kwenye ngazi. Mama mwenyewe akaja, akala moja amesimama kando ya sinki, akafuta mdomo.

"Mayai unajua," alimwambia Mganda. "Unga hujui. Kutoka leo nitakukandia mimi, wewe kaanga."

Jioni hiyo rafiki yangu alirudisha nguo zake kabatini, nami nikalala kama mbunge aliyechaguliwa tena.