Jina la Pili

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha chai ya karak pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nikifanya kura yangu ya maoni kwenye karatasi. Wagombea wawili wa ugavana kaunti yetu wanakabana koo, na sisi tunaofanya kazi Doha hatuna gumzo lingine. Nilikuwa nimechora safu mbili, moja ya kila mgombea.

Akaja dada mmoja, mlinzi wa jengo la jirani, na tuliposalimiana akaniambia ni wa kaunti yetu.

"Sista, jina la pili ni nani?"

Akanitajia. Nikaweka alama upande wa kushoto.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kura yako."

"Na sijakuambia nampa nani!"

Nikacheka, nikamwambia kwa jina hilo hakuna haja ya kuuliza. Hakucheka. Alishika kitambulisho cha kazi kilichokuwa kikining'inia shingoni, akakileta karibu na macho yangu. Kilikuwa na picha, jina moja na neno Kenya.

"Miaka minne hapa, kila mtu ananiita Kenya. Leo nimepata Mkenya mwenzangu, na anataka kujua kabila."

Akachukua chai yake akaenda zake.

Mwezi jana tu, kwenye safu hii ninayoandika gazetini, niliwachamba wanasiasa wanaohesabu watu kwa makabila. Nikaitazama karatasi yangu. Alama ya kwanza kabisa ilikuwa yangu mwenyewe, niliyoiweka kwa jina langu la pili, na hata mimi sikuwa nimejiuliza nampa nani.