Nani Atamenya Viazi

Kwa miaka mingi Wangu alikaa kwenye meza ya mapokezi ya kampuni moja ya bima huko Westlands, akiwasalimu watu ambao hawakuja kumwona yeye. Aliipenda kazi hiyo. Alijua kutabasamu kabla mgeni hajafika mezani, na alijua kumtuliza mteja aliyefura kwa hasira kwa sababu ya gari lililogongwa. Jioni alirudi Kileleshwa, kwenye fleti ya ghorofa ya nne alikoishi na mumewe Kibe na binti yao Debra. Majirani zake aliwatambua kwa magari yao. Kulikuwa na mwenye Subaru ya buluu, na mwenye Toyota ndogo iliyokosa kioo cha pembeni. Siku mwenye Subaru alipohama, Wangu aligundua kwamba hakuwahi kulijua jina lake, wala hakuona ajabu. Ndivyo watu walivyoishi pale, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Kibe alifariki kabla hawajazeeka pamoja. Alimwachia Wangu kipande cha shamba la baba yake, mbele ya Kabete, kwenye mteremko ambako barabara ya lami inaisha na majani ya ng'ombe yanaanza. Wangu alipostaafu, alijenga pale nyumba ya vyumba vitatu na kumwachia Debra fleti.

"Mum, huko utaongea na nani?" Debra alimuuliza. "Na kuku?"

"Kuku wana habari nyingi," Wangu alijibu, na akahama.

Nyumba yenyewe haikumsumbua hata siku moja. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka jua lilipopata nguvu, naye alikunywa chai barazani akiungoja upungue. Alipanda sukuma wiki na vitunguu, akajifunza kutofautisha kuku anayetaga na anayejifanya. Jioni aliyaona maghorofa ya Westlands yakiwasha taa kwa mbali, akashangaa kwamba aliwahi kuwa na haraka ya kuyafikia kila siku. Alilala vizuri kuliko alivyowahi kulala.

Kilichomsumbua ni majirani. Walimsalimia vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Walimwita Madam. Dukani walimpisha mbele ya foleni. Akimtembelea mtu, alipanguziwa kiti kizuri kwa leso, akaletewa soda, na maongezi yakageuka kuwa ya hali ya hewa. Mara nyingi alisikia vicheko jikoni kabla hajabisha hodi. Akiingia, vicheko vilikatika kama redio iliyozimwa.

Basi ikafika habari ya Debra. Alikuwa amempata mchumba, kijana mwenye adabu aitwaye Kivuva, mhasibu, ambaye watu wake walitoka Machakos. Wazee walipanga siku ya ruracio, yaani siku ambayo ukoo wa kijana huja kwa ukoo wa msichana kuzungumzia mahari na kula pamoja. Wageni wangekuja Jumamosi, nyumbani kwa Wangu.

Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada, Wangu alimfuata Mama Mbugua nje ya kanisa. Mama Mbugua alikuwa jirani yake wa upande wa chini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hakuna sherehe wala msiba uliopita pale kijijini bila yeye kusimamia jiko.

"Mama Mbugua, nisaidie," alisema Wangu. "Unajua wapishi wazuri wa kukodi huku karibu? Wale niliowatumia wakati ule wa ibada ya nyumba walitoka Westlands, na ni mbali."

Mama Mbugua aliangalia viatu vyake mwenyewe.

"Sisi hatujui hao, Madam. Sisi hupikiana."

"Najua, lakini sitaki kuwasumbua."

"Hata wakati ule ulisema hivyo hivyo." Mama Mbugua hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeeleza njia. "Tulikuja kwako Ijumaa, watu kumi na kitu, na visu vyetu tumefunga kwa leso. Ukatukuta kwa gate, ukatuambia turudi tupumzike, kesho tuje kula tu. Tukarudi. Si ulisema tupumzike? Tumepumzika mpaka leo."

Wangu alisimama pale na Biblia yake mkononi. Aliikumbuka siku hiyo vizuri, maana aliikumbuka kwa fahari. Ilikuwa ibada ya shukrani ya nyumba mpya. Alikuwa amekodi hema, viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, na wapishi wenye kofia ndefu. Akina mama walipofika langoni Ijumaa, alifikiri wamekosea siku. Aliwaambia wasijichoshe kwa sababu aliwaheshimu. Kazini kwake, kumheshimu mgeni kulikuwa kumkalisha asiguse kitu. Walikuja Jumamosi wamevaa vizuri, wakala, wakashukuru na kuondoka mapema. Naye aliwahi kwenda kwenye misiba yao namna hiyo hiyo. Alifika siku ya mazishi, akakaa hemani mstari wa pili, akapakuliwa.

"Sikujua," alisema.

"Tuliona hujui," alijibu Mama Mbugua. "Wengine walisema unajua. Mimi nilisema hujui."

"Sasa nikiomba mnikujie Ijumaa hii?"

"Nitawaambia. Lakini siwezi kuwaburuta kwa shingo."

Debra aliposikia mpango huo kwa simu, alipandisha sauti.

"Mum, ni watu wengi wanakuja. Mama yake Kivuva anakuja. Wajomba wake wanakuja. Na wewe unataka kungoja kama majirani watajisikia?"

"Watakuja."

"Wamesema watakuja?"

"Wamesema wataambiwa."

"Mum!"

"Debra, nikikodi watu mara ya pili, hapa nitakaa na hao kuku wako mpaka nife."

Debra alifika Alhamisi jioni na mifuko ya vitu, na kabla ya kuvua koti alisema bado ana namba ya wapishi wa Westlands, na kwamba wanaweza kuja hata wakipigiwa asubuhi. Wangu alimwambia asiwapigie. Hakulala kama kawaida yake. Wageni kukosa chakula kizuri ingekuwa aibu, naam, na aibu hupita. Lakini akina mama wasipotokea, angejua kwamba alijenga nyumba mahali ambapo atabaki mgeni wa kupanguziwa kiti, na hakuna ambacho kingeweza kulirekebisha jambo hilo.

Ijumaa kulikuwa na ukungu. Wangu alitandaza turubai uani, akamwaga gunia la kwanza la viazi, akalifungua lango mpaka mwisho na kulizuia kwa jiwe. Kisha aliketi juu ya kibao na kuanza kumenya peke yake, kwa kile kifaa chembamba cha kumenyea alichotoka nacho Kileleshwa. Alimenya kimoja kimoja, taratibu. Debra alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Kwa mwendo huo tutakula Krismasi," alisema.

"Kaa chini umenye, basi."

Debra akaketi. Ukungu uliondoka, jua likapanda, na viazi vilivyomenywa havikufunika hata chini ya sufuria. Mtu alipita barabarani akisukuma mkokoteni wa majani. Mwingine akapita na mtungi wa maziwa, akawasalimia, akaenda zake. Debra aliitazama simu, akamtazama mama yake, akairudisha mfukoni. Wangu aliendelea kumenya. Kiazi kimoja kikamponyoka kikabingirika mpaka langoni.

Mguu wa mtu ulikizuia pale. Alikuwa Mama Jackie, jirani wa upande wa juu, mwanamke mwembamba ambaye maneno yake yalijulikana kijiji kizima. Alikuwa amevaa gambuti na leso kiunoni. Hakuingia. Aliinama akakiokota kiazi, akakigeuza, kisha akalitazama jiwe lililozuia lango.

"Nimetumwa kuangalia kama gate imefungwa," alisema.

"Haijafungwa," alisema Wangu.

"Naona. Hata imewekewa mlinzi." Akalisukuma lile jiwe kwa gambuti yake kuhakikisha halitoki. Kisha akageuka kuelekea barabarani na kupaza sauti ambayo hakuna mtu angeitarajia kutoka kwenye mwili ule mdogo. "Kujeni! Iko wazi! Na anamenya kama anachora ramani!"

Walitokea kwenye kona ya ua wa Mama Mbugua, kumbe walikuwa wamesimama pale muda wote. Walikuja wakibeba sufuria kubwa za kanisa, kuni mgongoni, karai, vibao vya kukalia, na visu vimefungwa kwenye leso. Mama Mbugua alitangulia. Hakumsalimia Wangu kwa mkono. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akasikika akifungua makabati na kuyafunga.

"Chumvi iko wapi? Acha, nimeiona. Nani anaweka chumvi juu hivi, twiga?"

Uani, akina mama walilizunguka turubai. Mama Jackie aliketi karibu na Wangu na kukichukua kile kifaa mkononi mwake.

"Hii ni ya kunyoa ndevu?"

"Ni ya viazi," alisema Wangu.

"Viazi vya hospitali, labda. Mpeni kisu."

Akapewa kisu chenye mpini uliofungwa kwa raba. Alikishika vibaya, ganda likatoka nene na nusu ya kiazi ikaenda nalo.

"Ee, Madam, hiyo umeitupa ndio mboga!"

"Mwache, ameishi kwa chipsi miaka yote."

Kicheko kikapanda. Wangu alicheka pia, na alipocheka alishtuka kwamba hakuna aliyenyamaza. Walizidi. Walimuuliza Debra kama mkwe wao anajua kwamba msichana hajui kukanda chapati, na Debra akasema anajua. Wakamkalisha kwenye unga kwa nguvu ili, kwa maneno yao, asije akarudishwa kutoka Machakos kama simu mbovu.

"Na hao Wakamba wenyewe watataka muthokoi," mmoja alisema. "Mahindi yao yale ya kukobolewa."

"Watakula mukimo wetu wa viazi vya kupondwa," Mama Mbugua aliitikia kutoka jikoni, "mpaka wasahau njia ya kurudi."

Saa ya chai Wangu aliinuka haraka, akaandaa trei, vikombe vidogo vya wageni na biskuti kwenye sahani. Akasimama mbele yao na kuanza, kwa ile sauti yake ya mapokezi, "Akina mama, ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru…"

"Keti chini," alisema Mama Mbugua. "Utashukuru gunia likiisha. Na ulete vikombe vikubwa, hizi ni za kuoshea macho."

Wangu akaketi. Gunia liliisha, na la pili likaisha, na kufikia alasiri uani kulikuwa na mioto mitatu na harufu ya maharagwe meusi ya njahi na vitunguu iliyofika mpaka barabarani. Wakati fulani mchana, hakujua ni lini hasa, mtu aliacha kumwita Madam na kumwita Mama Debra, na wengine wakafuata bila kugundua.

Jumamosi wageni walifika, wazee wakazungumza ndani, na chakula kikatosha. Mama yake Kivuva aliomba mukimo mara ya pili, na Debra alilia kidogo akajifanya ni moshi. Lakini Wangu hakukaa sana hemani. Kila alipokaa, mtu alikuja kumnong'oneza kwamba anahitajika nyuma, na hakika alihitajika: kulikuwa na supu ya kuonja, kifuniko kimepotea, wazee wa meza ya pili hawajapata nyama. Wageni walipoondoka, akina mama walibaki wakiosha sufuria, kisha wakakaa chini nyuma ya jiko wakala ule mukimo wa kando ya sufuria ulioungua kidogo, wakimwiga mjomba mmoja wa Kivuva aliyetoa hotuba ndefu na kusahau jina la bibi harusi. Wangu alikula kwa mkono, juu ya karai lililopinduliwa. Miguu ilimuuma, na vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa viazi.

Debra alimkuta hapo, ameshavaa koti, funguo za gari mkononi.

"Mum, wikendi ijayo njoo Kileleshwa upumzike. Nitakuja kukuchukua Ijumaa."

"Ijumaa siwezi. Mtoto wa Mama Jackie anaolewa. Tunamenya."

"Umealikwa tayari?"

"Sijaalikwa. Nimeambiwa saa moja, nisichelewe."

Debra alimtazama mama yake, akawatazama wale wanawake waliokuwa wakigombania kipande cha mwisho cha chapati. Sauti ikatoka jikoni.

"Mama Debra! Hii sufuria ya kanisa itajirudisha yenyewe?"

"Nakuja," alisema Wangu, na akashika ukuta ili ainuke.