Kusine na Upande wa Ziwa

Mke wangu alikuwa Kalengera kwa dada yake, na waasi walikuwa karibu kuifunga barabara ya kutoka huko kuja Goma. Lori langu lilikuwa likigonga: kusine zilikuwa zimelika, vile vipande laini vinavyobeba mhimili wa injini. Kuitoa injini kungechukua siku tatu. Fundi mmoja wa Katindo alisema tutazibadilisha injini ikiwa humo humo ndani ya lori. Tuliegesha lori juu ya ufa wa lava iliyopoa, likitazama njia ya Sake, naye akaingia chini akafungua karter, lile bakuli la mafuta chini ya injini.

Nusu ya juu ya kusine haifikiki kwa mkono. Inatolewa kwa kuuzungusha mhimili polepole mpaka uisukume nje. Mimi nilishika spana ndefu ya kuuzungusha, mbele ya lori. Goma hatupendi kusema kulia na kushoto; tunasema upande wa ziwa, yaani kusini, na upande wa volkano, kaskazini.

"Papa, vuta upande wa ziwa!" fundi aliita kutoka chini.

Nikavuta. Kusine ikakwama.

"Ziwa, muzee! Si volkano! Ama ziwa imehama?"

"Si ndiyo ziwa hii ninavuta!"

Akacheka mpaka akakohoa. Mkono wa spana ulipokwenda ziwani huku juu, kule chini, mbele ya macho yake, upande wa chini wa mhimili ulikwenda volkano. Nikafanya ishara ya msalaba, nikavuta kinyume. Kusine ikateleza nje, na mpya tukaziingiza kwa njia hiyo hiyo.

Saa nane mchana injini iliwaka bila kugonga. Nilipofika Kalengera, mke wangu alipanda na mfuko wake wa maharagwe, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Namshukuru Mungu kwamba alikuwepo wa kuniuliza.