Mwanasesere Aliyezikwa Kando ya Mahindi

Utotoni mwangu pale Kibra, sisi Wanubi tulikuwa na mambo yetu. Kwetu, msichana akifungwa gurbaba kwa mara ya kwanza, lile vazi la wanawake wazima, mwanasesere wake alizikwa. Akifukuliwa, walisema, msichana hatatulia: hakui, wala utotoni harudi.

Wangu alizikwa na Haboba, nyanya yangu, kando ya mahindi. Shahidi alikuwa Zaituni wa nyumba ya pili, ambaye tulimlea pamoja huyo mtoto wa matambara. Haboba akaimba:

Lala mwana kitambaa,
mamako leo kakua;
hata ukilia njaa,
harudi kukuchukua.

Kisha akanigeukia. "Halima, usije huku kuchunguza. Ukichunguza, utapoteza."

Lakini mimi ni mtu wa shaka tangu tumboni. Zaituni alilia siku ile kunishinda mimi mwenye mtoto, nikajiuliza, huyu analilia nini? Siku ya tatu nikakuta udongo umetifuliwa. Nikamfuata Zaituni mtoni, nikamvaa mbele ya wenzake.

"Nirudishie mtoto wangu, mwizi we!"

"Wallahi sijamgusa."

"Nani mwingine anajua alipo? Unataka nisiolewe, sivyo?"

Akatua debe lake chini, akanitazama.

Nikakimbia nyumbani kufukua kwa mikono. Mwanasesere alikuwepo, na kilemba alichoshonewa na Zaituni hakijasogea. Pembeni, kuku wetu walikuwa wakipekua udongo ule ule. Ehe, kuku! Niliona aibu hata ya kuwafukuza.

Nilikwenda kuomba radhi. Mama yake akasema Zaituni ana kazi. Kesho yake kazi, wiki iliyofuata kazi. Haboba hakuniuliza kitu, na mpaka leo nashuku hakuwa akiogopa mizimu yoyote. Alikuwa akiniogopea tabia yangu. Wimbo wake pia nilidhani wa kumbembeleza mwanasesere. Sasa nina wajukuu, na nikiuimba najua alikuwa akiniimbia mimi.

Miezi ikapita, tukakutana kwenye njia ya Lindi, hapo hapo Kibra. Zaituni naye alikuwa amefungwa gurbaba. Nilitabasamu, nikangoja aniite Hali, jina letu la mchezoni.

Akasimama kwa adabu. "Hujambo, Bi Halima? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," nikajibu.

Akapita. Ndivyo nilivyokua, na kwa ulimi wangu mwenyewe.