Kope Zangu Juu ya Dungu

Shamba la familia ya mume wangu liko Mbwera, ng'ambo ya kijito. Mpunga ukianza kujaza punje, lazima mtu akae kutwa juu ya dungu aamie ndege, la sivyo kwelea watavuna kabla yetu. Mwaka ule kazi hiyo niliiomba mwenyewe. Kuvuna siwezi, kubeba siwezi, lakini kukaa kwenye kichanja na kuvuta kamba ya makopo, hiyo niliona ni saizi yangu. Nina ugonjwa wa mitokondria. Misuli yangu huchoka mapema, na kope hushuka zenyewe kama pazia lililokatika kamba.

Tatizo ni kwamba aliyesimama chini ya dungu huona mtu aliyelala.

Siku ya kwanza tu wifi yangu alileta chakula, akapaza sauti: "Mama! Njoo umwone mlinzi wako! Kwelea wanambembeleza!"

"Silali, wifi. Kope ndizo zimelala."

"Na huko kukoroma je, ni kope pia?"

Sikukoroma. Ila wifi akishapata neno, halirudishi.

Mama mkwe akaja, mikono kiunoni. Akasema wazi: akinikuta tena nimefumba macho, Ijumaa kazi atapewa wifi, nami nirudi Kibiti nikakae nyumbani. Kukaa nyumbani nimeshakaa sana, na hii ndiyo kazi pekee ya shamba niliyobaki nayo.

Kesho yake nikazibandika kope kwa plasta mpaka kwenye paji la uso. Niliona vizuri mno! Mvuvi mmoja aliyepita na mtumbwi akanitazama, akaniamkia kwa adabu, kisha akapiga kafi kama mtu anayefukuzwa. Lazima alipita kijijini, maana mama mkwe alifika anahema.

"Astaghfirullah! Mkamwana, nani amekupanda?"

"Plasta, mama. Hakuna jini."

Akapanda ngazi, akaibandua plasta pamoja na nusu ya nyusi zangu, akaketi. Basi nikamweleza, taratibu, kama ninavyopenda kumweleza yeyote anayeuliza.

"Mama, kila sehemu ndogo ya mwili ina majiko madogo ya kugeuza chakula kiwe nguvu. Yako yanawaka vizuri. Yangu mengi yamepasuka. Natia mkaa uleule unaotia wewe, sufuria haichemki."

"Si tununue mengine?"

"Hayauzwi. Dawa ya kuyaponya bado haijapatikana. Nikila kwa wakati na kupumzika, yanajikongoja. Nikijilazimisha, yanazima."

"Umeyatoa wapi?"

"Daktari alisema yangu yamepitia kwa mama yangu."

"Alhamdulillahi, si kwetu!"

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akageuka kutazama upande wa kijijini. Nilijua amewakumbuka wajukuu.

"Na wanao?"

"Huenda wakapata, huenda wasipate. Ndiyo maana nataka nyumba nzima iujue ugonjwa huu. Asije mtoto akachoka kweli, mkamwita mvivu."

Kundi la kwelea lilikuwa linashuka upande wa mtoni. Mama mkwe akaikamata kamba, akaivuta kwa hasira mpaka makopo yakalia shamba zima. Siku ile hakushuka mpaka jioni.

Ijumaa wifi akaja na mkeka kwapani, amejifunga kanga, tayari kunirithi. Nami nilikuwa nimefumba macho kweli, nimeegemea nguzo. Mama mkwe alikuwa kando yangu.

"Mama, si unamwona?"

"Namwona. Panda. Dungu ni lake. Wewe utashika zamu ya mchana, mwenzako ale, apumzike."

Wifi akabaki katikati ya ngazi. "Na nikichoka mimi?"

"Wewe ukichoka," alisema mama mkwe, "huo ni uvivu."