Sahani ya Kombe Ndani ya Kontena la Taka

Najua wengine mtacheka. Chekeni. Mimi si msemaji, hata salamu hunitoka kwa shida, sasa nijitungie maneno ili iweje? Jambo hili lilinipata mimi, Konde, mchana, jua likiwaka.

Baba alitaka kuivunja nyumba ya marehemu babu ajenge upya. Akakodi kontena la taka, likawekwa mbele ya baraza. Dereva akatuonya: "Betri msitie. Rangi msitie, wala oili chafu, wala mtungi wa gesi. Nikivikuta, mzigo wote naushusha hapa hapa mlangoni."

Kaka yangu Hamadi akamuuliza, "Na mama mkwe wangu je, naweza kumtia?"

"Huyo mpaka umlipie gari yake," dereva akajibu, akaenda zake.

Tulivitenga vyote alivyovitaja. Vyombo vya babu hakuvitaja mtu. Babu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akiwaandikia wagonjwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, mgonjwa akaziosha kwa maji ya waridi akayanywa. Hamadi alilibeba kabati la sahani akalimwaga kontenani bila hata kuchungulia.

Baba na Hamadi wakaenda kusali adhuhuri, nikabaki kumngojea dereva. Ndipo akaja bibi mmoja, kanga kichwani, midomo imekauka mpaka imepasuka. Hakupiga hodi. Alisimama akashika ubavu wa kontena.

"Shikamoo, bibi."

"Mwanangu, nitolee kombe langu. Nna kiu."

"Kombe gani, bibi?"

"Aliloniandikia babu yako. Limo humo mlimolitupa."

Mwengine angemwambia awangoje wenyewe. Mimi kumkatalia mtu mzima siwezi. Na gari ya dereva nilikwisha kuisikia inapanda njia. Ikilinyanyua kontena, maneno ya Mungu yanakwenda jaani, na bibi wa watu anabaki na kiu yake. Nikapanda ndani. Vigae vilinikata mguu. Chini ya godoro bovu nikaikuta sahani nzima, imefunikwa kawa, imejaa maandishi. Niaminini, yalikuwa mabichi. Zafarani iliniganda vidoleni.

Nikampa. Maji hayakuwemo, lakini aliiinamisha mdomoni akameza, na koo lake nikalisikia. Akanirudishia sahani nyeupe, haina hata herufi. Midomo yake ilikuwa imelowa.

"Mungu akuweke," akasema.

Dereva akapiga honi, nikageuka. Nilipomtazama tena bibi, hayupo. Njia ile imenyooka, hata kuku ungemwona. Angepita wapi?

Baba aliporudi nikamweleza. Alikaa chini barazani, sahani mapajani. "Huyo Bi Mize," akasema. "Babu yako alimwandikia kombe, akamwambia aje alinywe Ijumaa. Ijumaa ile Bi Mize tukamzika. Mzee akalifunika, akakataza lisioshwe. Alisema lina mwenyewe."

Kontena halikuondoka siku ile. Baba alimwomba radhi dereva, tukakitoa kitu kimoja kimoja, tukavitafuta vyote vyenye maandishi.

Kucha zangu ni za manjano mpaka leo. Nimezisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Watu hudhani ni hina, nami huwaacha wadhani hivyo.

Wewe ukikodi kontena, habari ya betri na rangi utaambiwa. Sahani zitazame mwenyewe. Ukiona yenye maandishi, usiitupe. Huenda mwenyewe hajaja kunywa.